Bibi mmoja kaandikwa mara tatu kwenye kanzidata ya chama: nafutaje mistari miwili bila kupoteza kilo zake?

KaraniWaMizani (Tandahimba)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Nashika kumbukumbu za chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho huku Tandahimba, Mtwara. Jina la chama naliacha, wenyewe wanajitambua. Sasa hivi mikorosho inatoa maua, watu wako mashambani na mabomba yao wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, na mizani itafunguliwa Oktoba. Nina miezi mitatu ya kusafisha daftari la wakulima kabla magunia hayajaanza kuingia.

Kanzidata yetu ni MySQL (programu ya kuhifadhi data kwenye majedwali) na ina majedwali mawili makubwa. La kwanza ni `wakulima`, ambako kila mtu alitakiwa kuwa na mstari mmoja. La pili ni `mizigo`: kila mzigo uliopita mizani, kilo zake, daraja, tarehe, na `mkulima_id` inayosema mzigo ni wa nani.

Tatizo lilijitokeza kwenye mgao wa salfa. Tulipobandika orodha ukutani, bibi mmoja akasimama pale na kidole chake kwenye karatasi. Yumo mara tatu. Mara ya kwanza Somoe, mara ya pili Somoye, mara ya tatu Somoe tena lakini nyuma ya jina kuna nafasi tupu ambayo macho hayaioni. Hakuja kudai mgao mara tatu. Alichouliza ni hiki: "Mwanangu, zile kilo zangu za mwaka jana ziko kwa Somoe yupi?"

Nilipoangalia, zilikuwa zimegawanyika kwa wote watatu. Mizigo minne kwa wa kwanza, mmoja kwa wa pili, miwili kwa wa tatu. Akiomba taarifa ya msimu mzima anapewa kipande.

Nikaendesha hii, inayohesabu kila namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) imeandikwa mara ngapi, kuona ukubwa wa tatizo:

```
SELECT nida, COUNT(*) AS mara
FROM wakulima
GROUP BY nida
HAVING COUNT(*) > 1
ORDER BY mara DESC;
```

Yametoka majibu mengi kuliko nilivyotegemea. Chanzo nakijua. Kila msimu karani mpya akimkosa mtu haraka kwenye orodha, na foleni imefika barabarani, anamwandika upya. Mmoja anaandika Saidi, mwingine Said. Mmoja Mohamedi, mwingine Muhammad. Simu moja imeingizwa 07, nyingine +255, nyingine 255 bila alama. Kompyuta haina namna ya kujua kwamba ni mtu yule yule.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie mambo mawili. Amri gani ya kufuta ni salama? Na kati ya mistari mitatu, ubaki upi?

---

MwanaMikindani

Mkuu karibu. Hiyo ni kazi ya dakika kumi kama MySQL yako ni toleo la 8 kwenda juu. Unaipa kila mstari namba ndani ya kundi lake, wa kwanza unabaki, kuanzia wa pili wanaondoka:

```
DELETE FROM wakulima
WHERE mkulima_id IN (
  SELECT mkulima_id FROM (
    SELECT mkulima_id,
      ROW_NUMBER() OVER
      (PARTITION BY nida ORDER BY mkulima_id) AS namba
    FROM wakulima
  ) AS t
  WHERE namba > 1
);
```

Ile SELECT ya ndani iliyozungushiwa nyingine usiiondoe. MySQL hairuhusu kufuta kwenye jedwali huku unalisoma moja kwa moja ndani ya amri hiyo hiyo, itakurudishia kosa namba 1093. Ukiizungushia hivyo inakubali.

Kama ni 5.7, ROW_NUMBER haipo. Unaunganisha jedwali na lenyewe:

```
DELETE a FROM wakulima a
JOIN wakulima b
  ON a.nida = b.nida AND a.mkulima_id > b.mkulima_id;
```

---

BintiRuangwa

Kaka KaraniWaMizani, nakuomba usiendeshe hiyo ya kwanza kama ilivyo. Tafadhali.

Una wakulima wangapi wasio na namba ya NIDA? Huku kwetu wazee wengi walikuwa bado hawana, safuwima ikaachwa tupu, yaani NULL. Sasa GROUP BY na PARTITION BY zinawachukua wote wenye NULL na kuwaweka kundi moja. Wa kwanza anapewa namba 1, waliobaki wanapewa 2, 3, 4 hadi mwisho. Ukiendesha amri ya MwanaMikindani, wazee wako wote wasio na NIDA wanafutwa, anabaki mmoja.

Ile ya pili, ya kuunganisha, iko tofauti. Alama ya sawa haikubali kwamba NULL ni sawa na NULL nyingine, kwa hiyo hao hawaguswi. Lakini kama karani aliacha kisanduku kitupu na programu ikahifadhi maandishi matupu badala ya NULL, hapo zinalingana na wanafutwa vile vile.

Weka sharti hili kila mahali, kwenye kuhesabu na kwenye kufuta:

```
WHERE nida IS NOT NULL AND TRIM(nida) <> ''
```

Na kabla ya DELETE yoyote, andika SELECT (inaonyesha tu, haifuti) yenye masharti yale yale uangalie majina kwa macho yako. Ukiona jina la mtu unayemfahamu kwamba yuko mmoja tu, simama hapo hapo.

---

KaraniWaMizani

Dada, asante mno. Nimerudi kuangalia majibu ya ile amri yangu ya kwanza. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na namba kubwa sana na NIDA yake haionekani, mimi nikadhani skrini ina hitilafu. Ni hao wazee.

---

FundiLindiMjini

Kabla hujafika kwenye kufuta, niambie `mizigo` imefungwaje kwa `wakulima`. Andika `SHOW CREATE TABLE mizigo;` utafute maneno ON DELETE.

Naomba niwaeleze kilichotupata sisi. Nilikuwa nafanya kazi ya kumbukumbu sehemu fulani mkoani Lindi, ufuta na mbaazi. Programu tuliletewa na mtaalamu mmoja, akaweka ON DELETE CASCADE kwenye kila ufunguo wa kigeni, yaani kile kiungo kinachofunga mzigo kwa mkulima wake. Maana yake ukimfuta mkulima, mizigo yake yote inafutwa naye, bila swali. Tukasafisha wakulima waliojirudia siku ya Ijumaa mchana. Hakuna kosa lililotokea, kompyuta ikasema imefanikiwa. Jumatatu mama mmoja akaja na risiti zake mkononi, tano, zimekunjwa ndani ya kitenge. Kwenye mfumo zipo mbili. Zile tatu zilikuwa chini ya mstari wake wa pili, ule tulioufuta.

Tulikuwa na nakala ya akiba, ila ya wiki tatu nyuma. Zile wiki tatu tuliziandika upya kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya risiti, kijiji kwa kijiji. Wapo watu waliokuwa wameshapoteza risiti. Mpaka leo nikilikumbuka hilo naumia, maana mtu alileta ufuta wake kweli, akapimiwa kweli, na sisi ndio tuliofuta.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Nakala kwanza, na uijaribu kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Halafu hamisha mizigo yote iende kwa mstari utakaobaki. Kufuta kunakuja nyuma ya hayo yote. Na ukiweza, badilisha CASCADE iwe RESTRICT kabla hujaanza, ili mstari wenye mzigo hata mmoja ukatae kufutika.

---

KaraniWaMizani

Nimeangalia. Yetu nayo ni CASCADE.

Nimefunga kompyuta kwa leo. Kesho asubuhi naanza na nakala.

---

Mwl_Nangurukuru

Wakuu, niongeze kidogo, maana swali la kwa nini kompyuta inakubali mistari inayofanana wanafunzi wangu wananiuliza kila mwaka.

Nadharia ya majedwali haya ilitolewa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Kwake jedwali lilikuwa seti ya kihisabati, na seti haina kitu kinachojirudia: namba 5 ama imo ama haimo, haiwezi kuwemo mara mbili. Waliotengeneza SQL, lugha tunayoandikia amri hizi, baadaye wakalegeza. Kuchuja marudio kila unapouliza swali ni kazi kwa kompyuta, kwa hiyo SQL inaacha marudio mpaka wewe mwenyewe useme DISTINCT, na inakubali jedwali lisilo na ufunguo wowote.

Lakini angalieni hali ya mleta mada. Jedwali lake lina ufunguo mkuu, `mkulima_id`. Kwa macho ya kompyuta hakuna mistari miwili inayofanana pale, kwa sababu kila mmoja una id yake. Namba ya kuongezeka yenyewe inatofautisha mistari, watu haiwatofautishi. Kazi ya kusema "mtu" ni nani katika chama chenu ni yenu, kompyuta haiwezi kuwafanyia.

---

Mbaazi_na_Ufuta

Kwa nini msiweke tu SELECT DISTINCT kwenye ripoti? Hakuna kufuta, hakuna hatari.

---

BintiRuangwa

DISTINCT inaondoa mistari iliyolingana neno kwa neno katika safuwima ulizoomba. Somoe na Somoye haziwezi kulingana. Na hata zikilingana, kilo za bibi zinabaki zimetawanyika kwa watu watatu kwenye jedwali, na mgao wa salfa mwakani utamtoa mara tatu tena. Salfa inayozidi kwake inapungua kwa jirani yake.

---

Nanyumbu_Data

Nimechelewa kuona uzi. Kaka, hizo namba za NIDA ziliingiaje? Ziliandikwa moja kwa moja au zilipitia Excel?

---

KaraniWaMizani

Za miaka ya nyuma zilipitia Excel, vijiji vilikuwa vinatuletea mafaili. Kwa nini, mkuu?

---

Nanyumbu_Data

Basi usifute chochote kwa NIDA mpaka uangalie hili.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiichukua kama namba ya kuhesabia, inashika tarakimu 15 tu, zilizobaki inazigeuza sifuri. Tano za mwisho zinapotea moja kwa moja, hata ukibadilisha kisanduku kuwa maandishi baadaye hazirudi.

Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa fikiria wazee wa kijiji kimoja wasioijua tarehe yao, wakaandikiwa tarehe moja ya mwanzo wa mwaka. Mwanzo wa namba zao unafanana, kinachowatofautisha kipo mwishoni, na mwishoni ndipo Excel ilipoweka sifuri. Kwenye jedwali lako watu watatu tofauti wanaonekana wana NIDA moja. Amri yako itasema ni mtu mmoja aliyejirudia, nawe utafuta wazee wawili walio hai.

Angalia hivi:

```
SELECT mkulima_id, jina, kijiji, nida
FROM wakulima
WHERE nida LIKE '%00000' OR CHAR_LENGTH(nida) <> 20
ORDER BY nida;
```

Na NIDA ihifadhiwe kama maandishi, CHAR(20). Hakuna siku utakayojumlisha NIDA mbili.

---

KaraniWaMizani

Wakuu, nimeiendesha. Wapo 61 wenye sifuri tano mwishoni. Nimekaa nikasoma majina mmoja mmoja. Kuna kundi la watu wanne wenye namba moja: wawili wanaume, wawili wanawake, vitongoji vitatu. Mmoja wao ni baba wa rafiki yangu.

Hao wote nimewaweka pembeni, NIDA zao nimezifanya NULL, na karatasi zao nimeziomba vijijini.

---

Mzee_wa_Kitaya

Mimi si mtu wa kompyuta, ila nimekaa kwenye bodi ya chama miaka mingi. Nasoma hapa nataka kuwakumbusha kitu.

Msije mkasema basi tutumie jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na simu. Huku mapacha wengi ni Hasani na Huseni. Baba mmoja, siku moja, kijiji kimoja, na simu ya nyumbani ni moja, ya mama yao. Kila mmoja ana mikorosho yake aliyogawiwa. Halafu kuna masomo: babu na mjukuu jina moja mpaka la tatu, wanaishi uwanja mmoja. Sisi tunawatenganisha kwa kusema mkubwa na mdogo, lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika mkubwa.

Nendeni na orodha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Yule anajua nani ni nani.

---

KaraniWaMizani

Marahaba mzee wangu... hapana, nianze vizuri: shikamoo. Ushauri wako ndio tulioufuata. Narudisha mrejesho kwa wote, maana mmenisaidia na naona wapo wengine wanaofuatilia.

Kwanza nilinyoosha maandishi. TRIM kwenye majina (inaondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho), simu zote nikazifanya za mtindo mmoja kwa kutoa kila kisicho tarakimu na kubakiza tarakimu tisa za mwisho, kisha nikaweka 255 mbele. Hapo peke yake makundi mapya yakajitokeza, ambayo mwanzo yalikuwa yamejificha nyuma ya nafasi tupu na alama ya kujumlisha.

Kisha nikatengeneza orodha ya wanaoshukiwa, kila kundi na mistari yake, kilo zake, na tarehe ya mzigo wa mwisho. Nikachapa. Tumezunguka vijiji saba kwa pikipiki, mimi na katibu, tukakaa na wenyeviti wa vitongoji chini ya mikorosho. Kuna kundi ambalo mwenyekiti alilimaliza kwa sekunde mbili. Kuna jingine tulibishana nusu saa mpaka mwenyewe akaitwa kutoka shambani, akaja na salfa bado iko kwenye nyusi, akasema huyu ni mimi, na huyu ni marehemu kaka yangu. Kwenye jedwali wangeonekana mtu mmoja bila shaka yoyote, na shamba la marehemu sasa linalimwa na wanawe.

Kilichothibitishwa niliandika kwenye jedwali dogo nililoliita `ramani`: safuwima mbili tu, `wa_zamani` na `wa_kubaki`. Hakuna aliyeingia humo kwa kubahatisha. Swali langu la mstari upi ubaki lilijijibu hapo. Mstari wenyewe unaweza kuwa wowote, mimi nilibakiza wenye id ndogo. Cha kuangalia ni yaliyomo ndani yake. Simu na akaunti ya benki nilichukua zile ambazo mkulima mwenyewe amesema ndizo anazotumia leo, maana malipo yanakwenda huko.

Jambo moja kwa wanaotumia MySQL: CREATE TABLE na ALTER TABLE zinafunga muamala (kundi la amri ambalo bado unaweza kulirudisha nyuma) kimyakimya, kwa hiyo zimalizeni kabla ya START TRANSACTION. Nilibadilisha CASCADE kuwa RESTRICT kwanza, kisha:

```
START TRANSACTION;

SELECT COUNT(*), SUM(kilo) FROM mizigo;

UPDATE mizigo m
JOIN ramani r ON m.mkulima_id = r.wa_zamani
SET m.mkulima_id = r.wa_kubaki;

DELETE w FROM wakulima w
JOIN ramani r ON w.mkulima_id = r.wa_zamani
WHERE r.wa_zamani <> r.wa_kubaki;

SELECT COUNT(*), SUM(kilo) FROM mizigo;
```

Sikuandika COMMIT, ya kuthibitisha mabadiliko, mpaka jumla ya pili ilipolingana na ya kwanza hadi nusu kilo. Mara ya kwanza DELETE ilikataa. RESTRICT iliniambia kuna mstari bado una mtoto, yaani mstari wa jedwali jingine unaoutegemea: kumbe lipo jedwali la tatu, la mgao wa pembejeo, ambalo nilikuwa nimelisahau, na ufunguo wake ulikuwa RESTRICT tangu mwanzo. Nao ungekuwa CASCADE, mistari yake ingefutwa nisijue. Nikaandika ROLLBACK kurudisha kila kitu nyuma, nikaongeza UPDATE yake, nikarudia.

---

MwanaMikindani

Nimejifunza, na ile amri yangu ya kwanza nimeirekebisha kwenye daftari langu. Umeweka UNIQUE lakini, ili NIDA moja isiandikwe tena mara mbili?

---

KaraniWaMizani

Nimeweka, mkuu:

```
ALTER TABLE wakulima
ADD CONSTRAINT nida_moja UNIQUE (nida);
```

MySQL inaruhusu NULL nyingi chini ya UNIQUE, kwa hiyo wasio na NIDA bado wanaandikishwa. Kwa hao nimebadilisha fomu: karani hawezi kubonyeza "mkulima mpya" mpaka atafute kwanza kwa simu na kwa kijiji, na programu inamwonyesha majina yanayokaribiana. Kuandikisha kunachukua muda zaidi kidogo. Makarani wawili walilalamika, nikawaonyesha orodha ya bibi Somoe.

---

FundiLindiMjini

Na bibi mwenyewe?

---

KaraniWaMizani

Alikuja jana. Nimemchapia karatasi moja: mizigo saba, tarehe zake na kilo zake, na jumla chini. Hasomi vizuri, kwa hiyo nilimsomea. Kwenye mzigo wa tano alinizuia, akasema ule aliuleta siku ya mvua na mjukuu wake ndiye aliyebeba. Tukaangalia risiti, tarehe ni ile ile. Akaikunja karatasi akaiweka pamoja na risiti zake, akaniuliza salfa yake anachukulia dirisha gani.